Usiku wa Ijumaa

Anayetaka kuujua Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, asiende mchana. Aende baada ya swala ya Isha, akalitazame jengo la tatu la abiria wakati ndege za masafa marefu zinapojiandaa kuondoka. Ataona familia nzima zimemsindikiza mtu mmoja, mabegi yamezungushiwa kamba, wazee wamevaa nguo zao za Idi, na watoto wamelala juu ya mizigo. Kila mmoja ameshika simu au karatasi, na kila karatasi ina tarehe.

Sisi tulifika hapo Alhamisi moja, saa tatu za usiku, tukitokea Tanga. Tulikuwa watatu: mume, mke na Mama, mwenye umri wa miaka 73. Tulikuwa tunakwenda Maskati, Omani, anakoishi Mama mdogo. Mjukuu wake alikuwa aolewe siku ya pili yake, Ijumaa, baada ya swala ya Alasiri. Mama na mdogo wake hawakuwa wameonana kwa miaka 11. Ndege yetu ilikuwa ya saa sita na dakika arobaini usiku. Tungebadilisha ndege mara moja njiani, na kufika Maskati kabla ya adhuhuri.

Binti aliyekuwa kwenye kaunta alimwamkia Mama, “Shikamoo, Mama.” Mama akaitika, “Marahaba, mwanangu, Mungu akuweke.” Binti akapokea pasi zetu, akaandika kwenye kompyuta, akatazama, akaandika tena. Akamwita mwenzake, wakanong’ona. Kisha akatuangalia kwa uso ambao hatutausahau, uso wa mtu anayeleta habari za msiba kwa watu asiowajua.

“Samahanini sana,” akasema. “Safari yenu ilikuwa jana.”

Tukamwambia haiwezekani. Tukamwonyesha tiketi iliyomo kwenye simu: Alhamisi, na leo ni Alhamisi. Akatuelewesha kwa upole. Tiketi ilisema Alhamisi, saa 00:40. Kwa hesabu ya mashirika ya ndege, siku hubadilika saa sita kamili ya usiku. Basi Alhamisi ya tiketi ilikuwa imeanza usiku uliopita, na dakika arobaini baada ya kuanza, ndege ikaruka. Wakati inaruka sisi tulikuwa Tanga, tumelala, mabegi yamesimama mlangoni.

Hapo ndipo tulipokumbuka maneno ya Mama. Wiki tatu kabla, tulipokuwa tumekaa ukumbini kununua tiketi, tulimuuliza angependa tuondoke lini. Akasema, “Tuondoke usiku wa Ijumaa, tuamkie huko.” Tukacheka kidogo, tukamsahihisha: “Mama, Ijumaa ndiyo siku ya nikaha. Unataka kusema Alhamisi usiku.” Akatujibu, “Nyinyi ndio mnaojua.” Mume akabonyeza Alhamisi, mke akatazama na kukubali, pesa zikaenda.

Lau tungebonyeza Ijumaa, kama alivyotamka yeye, tungekuwa sawa.

Jambo hili linastahili kufikiriwa na kila nyumba ya Kiislamu, maana sisi ndio tuliopaswa kulijua kuliko wengine. Kwa hesabu tuliyoirithi, siku huanza jua linapozama, na usiku hutangulia mchana wake. Mwezi wa Ramadhani ukiandama jioni, tarawehe huswaliwa usiku uleule, kabla hatujafunga hata saumu moja. Usiku wa Idi ni ule unaotangulia swala ya Idi. Na usiku wa Ijumaa, katika vinywa vya wazee wetu wa Pwani, ni ule unaoingia kwa Magharibi ya Alhamisi. Mama hakukosea hata herufi moja.

Sisi tulioelimika tumejifunza hesabu nyingine, tukazichanganya zote. Saa zetu za Kiswahili huanza kuhesabiwa asubuhi na jioni, ndiyo maana saa moja ni saa moja baada ya mapambazuko au machweo, ilhali saa za tiketi huanza katikati ya usiku. Hata siku za juma letu zimetoka katika hesabu mbili: Jumatano ni ya tano tukianzia Jumamosi, na Alhamisi nayo ni ya tano kwa Kiarabu, tukianzia Jumapili. Mtu anayeishi na hesabu nyingi namna hii anapaswa kuwa mwangalifu zaidi ya wenzake. Sisi tulisema “Alhamisi usiku” tukimaanisha giza linalofuata mchana wa Alhamisi, lakini tiketi ikaelewa giza lililoutangulia. Kwa ndege inayoondoka baada ya saa sita usiku, hesabu ya shirika na hesabu ya wazee hukutana: zote mbili huuita usiku ule kwa jina la mchana unaofuata.

Turudi kwenye kaunta. Ni rahisi kuandika habari za subira ukiwa nyumbani, na ni vigumu kuwa nayo mbele ya mizani ya mabegi. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba subira ya kweli ni ile ya pigo linapoingia. Sisi pigo lilipoingia hatukuwa nayo. Mume alipandisha sauti, akauliza kwa nini hawakutupigia simu. Binti akatukumbusha kwamba ujumbe ulitumwa usiku wa Jumanne, ukitutaka tujisajili kwa safari. Tukanyamaza. Ujumbe tuliuona. Tulisema, “Hawa nao wanawahi,” tukaufunga.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti, tasbihi mkononi. Akamwita mwanawe karibu, akamwambia kwa sauti ndogo, “Mtoto wa watu hakukosa. Kamwombe radhi kwanza, ndipo umwombe msaada.” Mume akarudi, akaomba radhi. Binti akasema hakuna neno, akatuelekeza kwa msimamizi wa zamu, ambaye angeshuka baada ya nusu saa.

Katika nusu saa hiyo tulipata mtihani mkubwa kuliko ule wa kwanza. Kijana mmoja nadhifu, mmoja wa wale wanaozungukazunguka uwanjani wakisaidia wasafiri kwa malipo, alikuwa amesikia kila kitu. Akatusogelea, akatushauri. “Mkisema mmekosea tarehe, mtalipishwa. Semeni Mama alilazwa jana. Mimi nina mtu wa kuandika cheti, kinakuja kwa simu sasa hivi, na adhabu yote inafutwa.” Akataja bei yake, na haikuwa kubwa. Ilikuwa ndogo sana ukilinganisha na hasara iliyokuwa mbele yetu.

Hatutajifanya wema kuliko tulivyokuwa. Tulitazamana. Tulifikiri juu ya pesa, juu ya bibi harusi, juu ya Mama mdogo aliyekuwa amekwisha tandika kitanda. Mmoja wetu alisema kwamba Mama ni mgonjwa kweli, presha anayo, basi uongo wenyewe ni nusu tu. Mama akayasikia. Hakukasirika. Alisema, “Sikulazwa jana. Jana nilikuwa nakaanga visheti vya harusi. Mnataka nikaketi kwenye nikaha ya mtoto nimeingia kwa uongo? Kama riziki ya kufika ipo, tutafika. Kama haipo, tutarudi Tanga na visheti vyetu.”

Kijana akaondoka. Msimamizi alipokuja, mtu mzima mwenye mvi chache, mume akamweleza ukweli wote bila kupunguza: tulikosea tarehe, tulipuuza ujumbe, kosa ni letu. Msimamizi akamtazama Mama, akamwamkia, kisha akatufafanulia hali yetu.

Abiria asiyetokea bila taarifa, alisema, kwa kanuni za mashirika mengi huhesabiwa kuwa ameiacha safari nzima. Kompyuta hufuta si kipande cha kwanza tu, bali na vipande vinavyofuata, pamoja na safari ya kurudi. Hivyo hata kama tungejinunulia wenyewe tiketi nyingine ya kwenda, tungefika Maskati tukakuta tiketi ya kurudi haipo. Ili ifufuliwe, yahitaji kulipwa mambo mawili: adhabu ya kutotokea, na tofauti kati ya nauli ya zamani na nauli ya usiku huo. Tofauti hiyo ndiyo huumiza zaidi, kwa kuwa viti vya bei nafuu huuzwa mapema, na vinavyobaki mwishoni ni vya bei ya juu. Laiti tungegundua hata Jumatano mchana na kupiga simu kabla ndege haijaondoka, tungekuwa watu wanaobadilisha tarehe, si watu waliokosa safari, na gharama ingekuwa nyepesi.

Akatazama viti. Usiku ule vilikuwa vimebaki viwili. Nasi pesa tulizokuwa nazo, pamoja na zile za zawadi ya harusi na zile alizotutumia shemeji kwa simu usiku huohuo, zilitosha watu wawili, kwa shida.

Mama hawezi kusafiri peke yake, kwa umri wake na kwa dini yetu. Ni lazima awe na maharimu wake. Kwa hiyo hapakuwa na la kujadili. Mke akafungua begi, akatoa mtandio aliokuwa amemshonea bibi harusi, akaukunja vizuri kwenye begi la Mama juu ya visheti. Kisha akaomba jambo moja tu: wakati wa nikaha apigiwe simu asikie. Tuliagana saa tano na nusu za usiku. Alilala kwa jamaa zetu Temeke, na alfajiri akapanda basi la kurudi Tanga, kilomita takriban 350, akiwa na begi lake moja lililokuwa limefungwa kwa ajili ya Omani.

Waliosafiri kati yetu walifika Maskati Ijumaa, wakati watu wakitoka msikitini. Saa za huko ziko mbele ya zetu kwa saa moja. Msafiri wa Afrika Mashariki anayeingia mji ule huona kwanza milima mitupu ya mawe ya rangi ya kahawia, kisha nyumba nyeupe zisizo ndefu zilizojipanga chini yake, na mwisho bahari. Husikia anaitwa kwa Kiswahili kabla hajakitafuta. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, na zaidi baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, watu wengi wenye asili ya Omani waliokuwa wakiishi Zanzibar na sehemu nyingine za Pwani walihamia huko, wakaenda na lugha, mapishi na malezi yao. Kofia wavaayo wanaume wa Kiomani ni ndugu ya kofia yetu ya viua. Halua yao na halua ya Unguja na Pemba zinatambuana. Juu ya bandari kongwe zimesimama ngome za Jalali na Mirani, zilizojengwa na Wareno katika karne ya 16. Aliyewahi kuiona Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593 na kutwaliwa na Waomani mwaka 1698, atadhani amekwisha fika hapo zamani.

Mama na mdogo wake walipoonana hawakusema kitu kwa muda. Walishikana mikono tu, wakitazamana mvi.

Nikaha ilifungwa baada ya Alasiri, na Tanga simu ilikuwa wazi. Mke alisikia khutba yote ya ndoa akiwa jikoni kwake, na baadaye akasema kwamba alilia, lakini si kwa huzuni. Jioni, kahawa na tende zilipokuwa zikizunguka, Mama alisimulia habari ya tiketi. Alipofika kwenye maneno “nikawaambia usiku wa Ijumaa,” wanawake wa rika lake wote walitikisa vichwa, hakuna aliyehitaji maelezo. Mmoja akasema, “Lailatul Jumaa, ndiyo huohuo.” Vijana waliokuwepo, wa huko na wa huku, ndio waliouliza ni usiku upi. Tukatambua kwamba ugonjwa wetu si wa Tanga peke yake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na sisi guu letu lilikuwa tiketi tatu.

Jambo jingine tulilojifunza pale ni kwamba huko mapumziko ya juma ni Ijumaa na Jumamosi. Kwa hiyo ofisi ya shirika tuliisubiri hadi Jumapili, tukahakikisha kwa macho kwamba tiketi za kurudi zimefufuliwa kweli. Moja ilikuwa sawa. Ya pili, ya Mama, ilikuwa bado imefutwa. Malipo yalikuwa yamepokewa lakini hayakuunganishwa. Tulikuwa tumeitunza risiti, na jambo likaisha kwa robo saa. Bila risiti, Allah ndiye ajuaye lingeishaje.

Tumeona si haki kukaa na somo hili peke yetu, nalo lilitugharimu. Familia inayojiandaa kwa Umra, harusi au matibabu ya ng’ambo na izingatie haya.

Kwanza, ndege yoyote inayoondoka kati ya saa sita usiku na alfajiri, mwende uwanjani jioni ya siku iliyotangulia ile iliyoandikwa. Msiseme “Alhamisi usiku” wala “Ijumaa usiku”. Semeni “usiku wa kuamkia Ijumaa”, kila mtu ataelewa. Kumbukeni pia kwamba saa za tiketi ni za mahali ndege inapoondokea na inapotua, kila mahali kwa saa zake.

Pili, kabla ya kulipa, tiketi isomwe kwa sauti mbele ya mtu wa pili: jina kama lilivyo kwenye pasi, siku, tarehe, saa, na miji. Aya ndefu kuliko zote katika Qur’ani Tukufu, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Dini iliyotilia mkazo namna hiyo kuandika na kushuhudia haiwezi kuridhika na kidole kinachobonyeza bila kusoma. Na shahidi huyo asiwe wa kukubali tu, kama sisi tulivyofanya. Asome yeye mwenyewe kalenda.

Tatu, mkigundua kosa, pigeni simu saa hiyohiyo, msingoje asubuhi. Ukinunua tiketi ya kwenda au kutoka Marekani, sheria ya huko inalitaka shirika likupe saa 24 za kughairi bila adhabu, iwapo zimebaki siku saba au zaidi kabla ya safari, au likushikilie nafasi kwa muda huo bila malipo. Kwingineko hutegemea masharti ya shirika lenyewe, basi ulizeni kabla ya kununua. Ukinunua kwa wakala, mwanzie yeye, kwa kuwa mara nyingi shirika hukurudisha kwake.

Nne, ndege ikishawaacha, msikate tamaa na chochote. Ndani ya bei ya tiketi mna nauli, na mna kodi na ada za viwanja. Nauli huenda ikapotea, lakini kodi na ada za safari isiyofanyika mara nyingi hurejeshwa kwa anayeomba. Sisi tuliandika kwa ajili ya tiketi ya mke, tukataja namba ya tiketi yenye tarakimu 13, tukaeleza ukweli. Baada ya wiki kadhaa tulirudishiwa kiasi. Hakikuwa kikubwa, lakini kilikuwa haki yetu na kilitufaa.

Tano, na hili ndilo zito, msinunue njia ya mkato kwa uongo. Cheti kile cha uongo huenda kingefuta adhabu. Lakini tungeingia kwenye jambo la baraka tukiwa tumeghushi ugonjwa wa mzazi aliye hai, na yule binti mpole wa kaunta huenda angeulizwa siku moja kwa nini alikipokea.

Mama amerudi salama, Alhamdulillah. Tiketi inayofuata, Insha Allah, ni ya Umra, nasi safari hii tutakuwa watatu. Siku moja tulipokaa tena ukumbini tukitazama kalenda, tulimuuliza angependa tuondoke lini. Akasema, “Usiku wa Jumatatu.” Hatukumsahihisha. Mke alichukua kalamu, akamuuliza kwa adabu, “Mama, ni usiku unaoingia kwa Magharibi ya Jumapili?” Mama akaitika, nasi tukaandika.